Nyumbu Aliyesingiziwa

Rancho El Tepozán, Michoacán
14 Juni 1998

Kwa mjukuu wangu Rutilio,

Nakusalimu, na kama salamu hii imekukuta umelala mchana, amka kwanza ndipo uendelee kusoma. Mimi mzima, ukiondoa goti na jino moja. Ulimi hauumwi, unaumiza wengine tu. Mvua imeanza, mahindi yamefika magotini. Yule kuku mweupe amefia juu ya mayai yake, akiwa kazini, jambo ambalo si kila mtu wa ukoo huu ataweza kulisema siku ya kufa.

Sasa lililonishikisha kalamu. Mkeo Marisela alipiga simu dukani kwa Don Epigmenio Jumapili baada ya misa, na kwa kuwa simu ile imewekwa kati ya gunia la maharage na foleni ya watu, kijiji kizima kilijua kabla yangu kwamba umelewa ukaingiza gari kwenye mtaro wa kumwagilia mashamba. Kwamba hakimu amekupa miezi sita ya kwenda kufundishwa kutokunywa. Na ukianguka tena ni jela, na baada ya jela watakurudisha huku, umwache Lucerito na miaka yake minne akiuliza baba yuko wapi. Shukuru ulikuwa peke yako garini.

Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Barua haina foleni. Nilisoma mpaka darasa la pili na hilo la pili sikulimaliza, kwa hiyo ukiona herufi zangu zimeegemeana kama walevi, usizicheke, wewe hasa usizicheke.

Ulevi huu umeutoa wapi? Nyumba hii haina mlevi. Babu yako Herculano, aliyekulea mpaka ulipofika miaka saba, alikufa kwa teke la nyumbu wetu Golondrina, yule wa mama farasi na baba punda. Teke la nyumbu ni kifo cha mtu mwenye kazi. Hakufia mtaroni.

Jana nilikwenda kwa Padre Leobardo kukuapia kiapo cha kutokunywa. Mambo yaliyotokea huko nitakueleza siku nyingine, leo karatasi imeisha.

Bibi yako,
Eduviges Tapia


Bonde la Yakima, Washington
5 Julai 1998

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma nikiwa nimeamka. Pole kwa kuku. Sisi tumemaliza cheri, mikono yangu imekuwa myeusi kama ya mpiga kiwi viatu, na Lucerito anasema baba ananuka tunda. Marisela anafunga masanduku kwenye ghala la matunda, anakusalimu, anaomba radhi kwa ajili ya foleni.

Kuhusu mtaro sina la kuongeza. Maji hayakuwa mengi.

Kituo cha kwanza walichonipeleka kilikuwa safi sana, Bibi, safi hata unaogopa kukaa. Mshauri alizungumza Kiingereza na kijana mmoja akanitafsiria huku akitazama saa. Wakaniuliza, unajisikiaje? Nikasema vizuri, asante, na wewe je? Wakaandika. Wakaniuliza kama nimeelewa somo. Nikasema ndiyo. Mtu amekuandalia somo, amevaa tai, utamwambiaje hukuelewa? Niliwaitikia ndiyo kwa kila kitu kwa wiki tano, na kwenye karatasi zao nilikuwa mwanafunzi bora. Kila Jumamosi mwanafunzi bora alikunywa.

Siku moja mshauri akasema dawa ni kujitenga na watu ninaokunywa nao. Nikauliza kwa adabu, je, nihame nyumba? Maana ninaokunywa nao ni binamu zangu wawili tunaoishi nao, na kompadre Hilario, aliyemsimamia Lucerito ubatizo, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi. Kijana hakutafsiri, alicheka tu. Sikurudi. Hakimu alikasirika, lakini alinipa nafasi ya mwisho, mahali pengine.

Hapa pengine ni ukumbi nyuma ya kanisa. Mwenyewe ni Bi Ofelia, mtu wa Jalisco, baba yake alikuwa mtu wa kuapa kila mwaka. Tuko wanaume kumi na wawili. Tunaanza na kahawa na mkate mtamu, anauliza mama zetu wanaendeleaje, kila mmoja kwa jina la mama yake. Ndipo yanakuja mengine. Mara ya kwanza nilipoitika ndiyo, akasema, "Rutilio, hiyo ni ndiyo ya adabu. Mimi nataka ile nyingine."

Anasema wake na wazee wetu wanakaribishwa, na aliye mbali aandike. Nieleze basi yaliyotokea kwa Padre.

Mjukuu wako,
Rutilio


El Tepozán, 30 Julai 1998

Rutilio,

Salamu kwako, kwa Marisela, na busu la Lucerito usimpe mpaka unawe mikono. Hapa mahindi yametoa ndevu. Nimepika uchepo za kwanza, vile vimikate vya mahindi mabichi, nikala nne, nikamsingizia paka.

Umeniuliza, haya. Nilipanga foleni pale sakristia, mimi mwanamke peke yangu kati ya wanaume tisa wenye macho mekundu, wote nawajua, baadhi yao niliwakata kitovu. Zamu yangu ikafika. Nikamwambia Padre nimekuja kumwapia mjukuu wangu, miezi sita. Akasema, "Doña Eduviges, mtu haapi kwa mdomo wa mwenzake." Nikasema mdomo wake uko Washington. Akasema basi aape huko. Wale tisa wakaanza kukohoa, nami najua kikohozi cha kicheko. Kwa aibu, na kwa kiburi maana mimi aibu yangu huzaa kiburi papo hapo, nikasema andika jina langu. Akauliza, wewe unakunywa? Nikasema sinywi, ndiyo maana itakuwa rahisi.

Nikapiga magoti mbele ya Bikira na kadi nikapewa, ina picha yake na tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, 13 Juni hadi 13 Desemba. Niliiweka rafuni.

Rafuni ipo pia chupa ya charanda, ile pombe kali ya miwa, dawa ya tumbo. Kikombe kimoja saa kumi, baada ya vyombo. Hicho si kunywa, hicho ni tumbo. Sasa kila saa kumi mkono wangu huinuka wenyewe kwenda rafuni kama mbwa aliyesikia jina lake, na mimi huuita urudi. Ni mazoea tu ya mkono. Tumbo lenyewe halijalalamika hata siku moja, jambo ambalo limenishangaza kidogo.

Na huyo Bi Ofelia mwambie kwetu nguo chafu hufuliwa uani kwetu. Mambo ya nyumba yangu hayasomwi ukumbini.

Eduviges


Yakima, 23 Agosti 1998

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kabla hujaendelea. Barua yako nimeisoma ukumbini.

Sikupanga. Bi Ofelia aliuliza nani ana habari za nyumbani, nikatoa karatasi nisome salamu tu, nikashindwa kuacha. Kwenye mbwa aliyesikia jina lake walicheka mpaka Chon, mzee wetu wa Guerrero, akatoka nje. Aliporudi alikuwa amefuta macho. Akasema mkono wake mwenyewe huinuka saa kumi na moja, akipita duka la kona, na hajawahi kumwambia mtu. Miezi miwili nimekaa naye na sikuwahi kusikia sauti yake. Sasa wote wananiuliza kila wiki, Bibi ameandika?

Tarehe 15 niliapa, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kadi yangu inaishia 12 Desemba, sikukuu ya Bikira. Kile kituo cha kwanza wangesema ni ushirikina. Bi Ofelia aliishika kwa mikono miwili, akaisoma yote, akaniambia nimefanya vizuri. Kisha akasema, "Kiapo ni ukuta mzuri. Lakini ukuta huu una mwisho, umeandikwa hapa chini. Niambie tarehe kumi na tatu utakuwa wapi."

Nikamwambia habari za babu, kwamba alikuwa mtu wa kiapo, aliapa kila mwaka mpaka siku ya Candelaria, tarehe mbili Februari, na mimi nilimshikia kofia akiwa amepiga magoti. Akauliza swali moja, na nimeahidi kukufikishia. Mtu asiye mlevi, kila mwaka alikuwa anaapa nini?

Lucerito amejifunza kuandika L.

Rutilio


El Tepozán, 20 Septemba 1998

Rutilio, pamoja na wanaume kumi na mmoja mliokaa hapo na midomo wazi,

Hamjambo. Kwa kuwa nimefanywa kitabu cha ukumbini, nitawasalimu wote mara moja, nisiharibu wino. Mzee Chon, pita barabara nyingine, duka halina miguu ya kukufuata. Ninyi wengine siwajui majina, lakini nawajua mama zenu, maana ni mimi. Kaeni wima. Aliyekuja na kofia kichwani aivue.

Habari za nyumbani: paa linavuja, mbuzi amezaa pacha, mtoto wa Don Epigmenio kaoa mwanamke anayemzidi akili, na hilo halikuwa gumu.

Juu ya swali la mwanamke wa Jalisco. Marehemu mume wangu aliapa kwa heshima ya Bikira, kama mtu anavyochana nywele kwenda misa ingawa hazijatimka. Nyumbu alimpiga teke hapa, ubavuni kushoto, akiwa anamfunga tandiko. Alikuwa nyumbu mwenye roho mbaya tangu utoto. Nilimwambia Herculano asimnunue. Alikuwa na jicho moja la hasira. Teke lilikuwa la kichwani.

Saa kumi imefika, nina kazi.

Eduviges


Yakima, 11 Oktoba 1998

Bibi,

Shikamoo. Sisi wazima. Matufaha yamekwisha nusu, mabega yamekwisha yote. Nitaandika kifupi.

Chon alikuwa na kadi ya kuishia siku ya Mtakatifu Fransisko, tarehe nne. Miezi mitatu hakugusa hata tone. Tarehe tano wenzake walimfanyia sherehe ya kumaliza kiapo, na alikunywa siku tatu kama mtu anayelipwa kwa chupa. Yuko hospitali. Bi Ofelia alikwenda kukaa naye, akachukua supu ya kuku, si karatasi.

Sasa wamebaki kuniangalia mimi. Kompadre Hilario ameshanunua mbuzi kwa ajili ya tarehe kumi na mbili, na ameagiza kreti nne za bia. Kwa upendo kabisa, Bibi. Ananipiga bega kila asubuhi na kusema, zimebaki siku ngapi, kompadre? Marisela ananiuliza apike kiasi gani. Nikisema sitaki sherehe, nimemtukana aliyenibatizia mtoto. Nikiitika ndiyo, najua ndiyo hiyo ni ipi.

Naogopa tarehe kumi na tatu kuliko nilivyoogopa hakimu.

Na barua yako nimeisoma mara mbili. Ubavu wa kushoto au kichwa? Nilikuwa na miaka saba, nakumbuka ulipika siku mbili na kulikuwa na watu wengi. Nakumbuka nyumbu akisimama mlangoni peke yake, ameloa miguu. Nani alimuua babu?

Rutilio


El Tepozán, 22 Novemba 1998

Mjukuu wangu,

Nimechelewa. Nilikuwa nimeandaa kulaumu posta, kisha goti, kisha mbuzi aliyekula bahasha. Mbuzi huyo yupo kweli, lakini bahasha hakuila. Sote wazima. Mahindi tumevuna.

Kila mwaka siku ya Wafu namwekea babu yako madhabahu: maua ya njano, mkate, picha yake, na glasi ya charanda. Safari hii nilimimina nikiwa nimegeuza uso pembeni kama ninayempaka mtu dawa ya jicho. Nikakaa. Wafu hunywa harufu tu, hilo kila mtu analijua. Ilipofika saa kumi nikajiambia, harufu ameshakunywa, kilichobaki si pombe tena. Nikanywa. Nikammiminia nyingine, naye akanusa upesi upesi, nikanywa na hiyo. Nilimnywea marehemu glasi tano, Rutilio. Mwanamke wa miaka sabini na tatu, na kadi ya Bikira rafuni, anamwibia maiti.

Tumbo halikuhusika. Kwa muda wa miaka ishirini halikuwahi kuhusika.

Nikakaa pale nikiangalia picha yake, na yeye akiniangalia, nikaona aibu ya kuendelea kusema uongo mbele ya mtu aliyekuwepo.

Babu yako alikuwa mlevi. Aliapa kila mwaka na kila kiapo alikishika kama chuma, sikumbuki hata kimoja alichovunja. Lakini kiapo kilikuwa na mwisho, nami nikiujua mwisho huo kuliko ninavyojua siku yangu ya kuzaliwa. Nilikuwa nauwekea alama ya mkaa ukutani. Nilikuwa napika. Na chupa, mwanangu, nilikuwa nanunua mimi. Nilisema akinywa, anywe nyumbani kwake, na watu, na chakula, kama mtu wa heshima. Candelaria ya 1978 alikunywa siku tatu, chupa zangu zikaisha, akapanda nyumbu kwenda kutafuta nyingine. Mchana mweupe. Nyumbu alirudi peke yake akasimama mlangoni. Alipoona hatuelewi akageuka, akatuongoza mpaka kijitoni. Herculano alikuwa amelala kifudifudi kwenye maji ya shubiri mbili. Shubiri mbili, mtoto angekaa.

Nikawaambia watu ni teke. Hakuna aliyeniamini, waliniitikia ndiyo kwa adabu, kama wewe kwenye kile kituo chako. Ila ilibidi niwe mkweli katika uongo wangu, sikuweza kumlisha muuaji. Nikamuuza Golondrina kwa mtu wa tanuri la matofali. Aliyetuonyesha maiti ndiye niliyempa kesi.

Sasa sikiliza, maana haya nayajua kuliko Padre na kuliko mwanamke wa Jalisco, ingawa yeye ameyaona akiwa mbali na mimi sikuyaona nikiwa jikoni. Si kiapo kilichomuua. Ni ile siku iliyobaki wazi baada yake, na mke aliyeipikia. Usisubiri kadi yako iishe. Nenda ukaape tena kabla ya jogoo wa tarehe kumi na mbili, kadi moja ikanyage mkia wa nyingine, pasibaki siku ya kupita hata panya. Mbuzi achinjwe, sisi si watu wa kumrudisha mbuzi wa kompadre. Lakini Marisela asipike kama nilivyopika mimi. Waite wale wenzako wote, mwite na Ofelia, na mpe Hilario barua hii aisome mwenyewe. Mwambie ni bibi wa kompadre wake anayemwomba.

Isome ukumbini. Nguo zangu zimekaa uani miaka ishirini na hazikutakata.

Kwa Padre nimerudi. Nilipanga foleni na wale tisa. Safari hii aliponiuliza, wewe unakunywa, hakuna aliyekohoa.

Eduviges


Yakima, 15 Desemba 1998

Bibi yangu,

Shikamoo mara mbili. Theluji imeanguka, Lucerito anaila na sukari. Chon ametoka hospitali, amekonda, amerudi kwenye kiti chake.

Barua ilifika tarehe kumi na moja. Nilikwenda kuapa kabla ya alfajiri, tukiwa tunamwimbia Bikira, hadi 15 Agosti. Mchana uwanja ulijaa. Hilario alikuja na mbuzi na kreti zake nne. Nikampa barua. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akaniuliza, "Na huyo nyumbu, alibeba matofali miaka mingapi?" Nikasema sijui. Akazirudisha kreti tatu kwenye gari lake. Ya nne alikaa nayo mle garini mlango umefungwa, na baadaye alikuja kula na hakunitazama. Jana asubuhi alinipiga bega kama kawaida lakini hakuuliza zimebaki siku ngapi.

Tarehe kumi na tatu niliamka, nikaosha sufuria zote. Ilikuwa siku ndefu, Bibi. Sikujua siku ina mchana mrefu hivyo.

Bi Ofelia hajanilazimisha, lakini nguo zako ziko kamba moja na zangu, siwezi kuziacha zako peke yake. Sikuwa peke yangu garini. Lucerito alikuwa kiti cha nyuma. Maji yalimfika kifuani, na mimi sikuweza kufungua mkanda wake kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimelewa. Mtu wa pampu ya mtaro ndiye aliyemtoa. Marisela hakukuambia kwa sababu ya foleni, na mimi sikukuambia kwa sababu yangu.

Ukitaka kunigombeza, nimekaa wima na kofia nimevua.

Rutilio


El Tepozán, 17 Januari 1999

Mwanangu Rutilio,

Salamu kwenu nyote, na kwa Lucerito mara mbili, na mwambie theluji ni bora na asali. Baridi imeua nyanya. Mbuzi wale pacha wamekuwa wezi.

Nilikaa kukuandikia matusi. Nina mazuri, mengine ya mama yangu. Nimeandika matatu, nikachana karatasi. Mtu aliyenunua chupa ya Candelaria hana jiwe la kurusha, na hata angekuwa nalo, bega linamuuma. Mnunulie mtu wa pampu kofia nzuri. Na mwambie binti yako ukweli siku atakapouliza. Usimtafutie nyumbu.

Nilikwenda kwenye tanuri la matofali, kilomita saba, kwa goti hili. Nilitaka kumnunua tena. Yule mtu alicheka, akasema Golondrina amekufa tangu mwaka themanini na tisa. Nikauliza kama aliwahi kumpiga mtu teke. Akasema hapana, mama, hata inzi hakumpiga, ndiye nyumbu mpole kuliko wote niliowahi kuwa nao, na sikuelewa kwa nini mliniuzia bei rahisi vile. Nikaomba radhi pale pale, mbele ya rundo la matofali, watoto wake wakinitazama kama kichaa. Nimezoea kutazamwa.

Mwaka huu kwenye madhabahu babu yako atapata maji. Atanuna, alikuwa hodari wa kununa. Kando yake nitaweka konzi ya mahindi.

Chupa nimempa Padre awashie moto wa kuchoma magugu. Rafu imebaki na kadi na barua zako. Nimegundua barua zangu zote kwako nimekuwa naziandika wakati mmoja wa siku, na nilikuwa najidanganya kwamba ni kwa sababu ya mwanga.

Ni saa kumi sasa. Mkono umeinuka, nimeupa kalamu.

Bibi yako,
Eduviges